Bakteria waliovalishwa kipande cha kirusi cha kideri: shajara ya mradi, Arusha

Februari 10, 2025. Tunataka nini

Kwa ufupi, ili anayetaka kuiga ajue anaingia wapi. Tunachukua E. coli wa maabara, aina dhaifu isiyomdhuru mtu, tunampa jeni litakalomfanya aoteshe kwenye utando wake wa nje kipande kidogo cha protini ya kirusi cha kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Kisha tunamuua kwa fomalini na kumchoma kuku sindano. Kuku akikutana na bakteria mfu aliyejaa vipande hivyo mwili mzima, tunatarajia atengeneze kingamwili dhidi ya vipande.

Wazo si letu. Kuonyesha protini ngeni juu ya bakteria kulianza miaka ya 1980. Kilichotusukuma ni kazi ya Steven Zeichner wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake, iliyochapishwa 2021. Walimtumia E. coli aliyepunguzwa jeni nyingi zisizo za lazima, ili utando wake ubaki na protini chache na kile walichokipachika kionekane vizuri. Walipachika kipande cha kirusi cha korona kinachoharisha nguruwe, na kingine cha kirusi cha UVIKO-19. Nguruwe waliochanjwa waliambukizwa bado, ila ugonjwa ulipungua makali. Bakteria wa kuua na kuchoma hugharimu kidogo sana kuzalisha, ndiyo maana chanjo za kipindupindu za kunywa, ambazo nazo zina bakteria wafu wazima, zinafika hata nchi maskini.

Tumechagua kideri kwa sababu kila aliyefuga kuku wa kienyeji huku anakijua: jioni kuku wamesinzia mabawa yameshuka, keshokutwa banda tupu. Niseme mapema ili nisiulizwe: chanjo nzuri ya kideri ipo. Ni I-2, ya tone la jichoni, iliyotokana na utafiti wa Australia, inavumilia joto, na hapa nchini inatengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari. Hatushindani nayo. Tunajifunza mtambo ambao ukishasimama, unabadilisha kipande tu na kupata chanjo ya kirusi kingine.

Kibali cha kufanya kazi na viumbe vilivyobadilishwa jeni ndani ya maabara tulikipata kabla ya kununua hata pipeti. Kanuni ni za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Usiruke hatua hii. Bakteria hai hatoki nje ya chumba, na anayetoka ni mfu aliyethibitishwa kwamba kafa.

Februari 28. Kuchora jeni

Kirusi cha kideri kina protini mbili kubwa zinazochomoza nje: HN, inayoshika chembe za kuku, na F, inayounganisha utando wa kirusi na wa chembe ili kiingie. Tumechukua sehemu ya F, ile ncha ya kuunganishia, pamoja na asidi amino (matofali yanayojenga protini) chache za jirani. Sababu mbili. Ncha hiyo haibadilikibadiliki sana kutoka aina moja ya kideri hadi nyingine, maana ikibadilika hovyo kirusi hakiingii. Pili, ni fupi. E. coli hawezi kupachika sukari kwenye protini kama chembe ya kuku inavyofanya, na protini kubwa inayojikunja kwa namna ngumu humshinda. Ukimpa F nzima, utapata donge.

Mbeba mzigo ni AIDA-I, protini ya E. coli yenyewe inayojitoboza kwenye utando wa nje na kusukuma mkia wake nje. Tunaukata mkia wa asili na kuweka kipande chetu, pamoja na alama fupi ya kutambulisha ambayo kingamwili za dukani huishika. Wengine hutumia Lpp-OmpA, nayo inafaa.

Jeni tumeagiza likiwa tayari kwenye plasmidi, yaani pete ndogo ya DNA ambayo bakteria huibeba: shilingi 490,000 pamoja na usafirishaji. Agiza DNA iliyokaushwa. Ilikaa ghala la mizigo la uwanja wa ndege wiki nzima ikisubiri karatasi na haikudhurika. Kingamwili za kutambua alama, ambazo zinahitaji baridi, zilisafiri na mzigo huohuo na zikafika barafu yake imeyeyuka. Tulizipima, zilikuwa zimebaki na nguvu ya kutosha, lakini ni bahati. Safari ijayo mizigo miwili, tarehe mbili, na ule wa baridi uondoke huko mwanzoni mwa juma usije ukalala bohari mwishoni mwa wiki. Kingamwili: 1,150,000. Ndicho kitu ghali kuliko vyote kwenye mradi huu, na utaona kwa nini hatukuweza kukikwepa.

Machi 26. Nyuzi 121 zisizokuwa 121

Hii naiandika kwa urefu kwa sababu miongozo yote tuliyoisoma imeandikwa na watu wa tambarare.

Chakula cha bakteria tunakichemsha kwenye otoklevu ndogo ya kuweka juu ya jiko, ile ya zahanati, yenye geji ya mgandamizo bila kipimajoto. Kila mwongozo unasema mgandamizo wa ratili 15 kwa inchi ya mraba, kwa dakika 15. Tukafuata. Siku ya pili, chupa ambazo hazijafunguliwa zilikuwa na ukungu, ule weupe wa supu unaoonyesha kuna vijidudu vimeota. Tukalaumu vifuniko, tukalaumu mikono, tukabadilisha glovu. Tukachemsha tena, ukungu ukarudi.

Geji haisomi mgandamizo wenyewe. Inasoma tofauti kati ya ndani na nje. Dar es Salaam, hewa ya nje ina takriban kilopaskali 101. Ongeza ratili 15, ambazo ni kilopaskali 103, unapata 204, na mvuke wa mgandamizo huo una nyuzi 121. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa ya nje ni kama kilopaskali 85. Geji ileile ikisoma 15, ndani kuna 188, na joto ni nyuzi 118 na ushee. Nyuzi tatu ni kitu gani? Kwa chembe ngumu zinazotunza uhai wa bakteria wa udongo, pungufu hiyo inataka muda karibu mara mbili ili kuziua sawasawa.

Kwa hiyo: dakika 30 Arusha. Moshi, ambako ni chini zaidi, dakika 22 hadi 25 zinatosha. Na kabla ya kufunga vali, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10, maana hewa ikibaki ndani geji inakudanganya zaidi. Ule utepe unaobadilika rangi tunaendelea kuubandika, lakini unakuambia kifurushi kimepata moto tu. Hauwezi kukuambia kama kila kitu ndani kimekufa. Tangu hapo, kila mchemsho tunaacha chupa moja bila kuigusa, inakaa kwenye joto siku mbili. Ikibaki safi ndipo zile nyingine zitumike.

Maji: yaliyochujwa kwa mvuke, yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, lita shilingi 1,000. Soma chupa, usirudi na asidi. Ya bomba hatuyatumii, na mwenye kuijua floridi ya mito ya Meru haulizi.

Aprili 17. Friza, barafu na vidoa vya uongo

Bakteria walio tayari kupokea plasmidi wanauzwa na wanahitaji nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza yetu inafika 20 chini ya sifuri, umeme ukiwepo. Wale wa kununua walikufa nguvu kabla hatujawatumia: sahani za kuoteshea zikatoka tupu kabisa.

Tumerudi kwenye njia ya zamani ya kloridi ya kalsiamu. Unakuza E. coli asubuhi, unamkamata angali mchanga, unamwosha kwa kloridi baridi, unamtumia siku hiyohiyo. Barafu tunanunua kwa wauza samaki, ndoo shilingi 2,000, tunaiweka kwenye deli la kuuzia koni. Ulizia kama imewekwa chumvi. Barafu ya chumvi inashuka chini ya sifuri na bakteria wako wataganda. Mshtuko wa joto wa nyuzi 42 tunaufanya ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana na kipimajoto. Inatunza nyuzi hizo kwa robo saa bila tabu, na sisi tunahitaji chini ya dakika mbili.

Safari hii sahani zikajaa. Zilijaa mno. Kila kidoa kikubwa cha bakteria kilizungukwa na vidogo vingi, na vile vidogo tulipovichukua havikuwa na plasmidi. Plasmidi yetu inampa bakteria kinga dhidi ya ampisilini, dawa ya kuua bakteria tunayoitia kwenye sahani ili waote wenye plasmidi tu, kwa kumtengenezea kimeng'enya kinachoivunja, nacho kinavuja nje. Jirani asiye na chochote anaota kwenye eneo lililosafishwa na mwenzake. Hilo hutokea sahani zikikaa muda mrefu, na kwetu liliongezwa na ampisilini iliyotiwa kwenye agari (ile jeli ya kuoteshea) ya moto mno, ikafa nusu kabla haijaganda. Dawa: ngoja agari ipoe hadi uweze kuishika chupa kwa kiganja bila kuiachia ndipo utie ampisilini, sahani zitumike ndani ya wiki mbili, na usizidishe saa 16 za kuotesha. Kabenisilini, dawa ya jamii hiyohiyo, haivunjiki upesi, bei yake imetushinda.

Mei 22. Anakataa kukua

Jeni limeingia na limesomwa, herufi zote zipo. Tukawasha swichi ya jeni kwa IPTG, kemikali inayomwamuru bakteria aanze kutengeneza protini, kwa kiwango cha vitabuni, milimola moja, nyuzi 37. Ndani ya saa moja bakteria waliacha kuongezeka, baada ya saa tatu ukungu wa bakteria kwenye supu ukaanza kupungua badala ya kuzidi. Walikuwa wanapasuka.

Njia za kupitisha protini hadi utando wa nje ni chache. Ukimlazimisha bakteria atengeneze kwa kasi kuliko njia zinavyobeba, mzigo unakwama katikati ya tando mbili. Protini nyingi si lengo letu. Lengo ni protini iliyofika nje. Tumeshusha IPTG hadi sehemu moja ya kumi na joto hadi la chumbani. Hapa Arusha ilitusaidia: kuanzia Mei chumba chetu kinacheza nyuzi 20 hadi 22 usiku kucha, bila mashine ya kupoza. Kitikisio tumekitoa nje ya inkubeta tukakiweka mezani. Anakua pole pole, anafika asubuhi mzima.

Juni 19. Je, kiko nje?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kukuza bakteria ni rahisi. Kujua amevaa nini ndiko kunakomaliza hela na subira.

Mashine ya kuhesabu chembe kwa mwanga hatuna. Tunatumia karatasi ya nitroselulosi: tone la bakteria wazima, kingamwili ya kushika alama, kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, kisha rangi. Doa likikolea, alama ipo.

Doa la kwanza lilikolea weusi. Mwenzangu akalipiga picha na kuituma kwa ndugu zake wote. Kisha tukafanya jaribio la tripsini, ambalo nakusihi ulifanye kabla ya kupiga picha. Tripsini ni kimeng'enya kinachokatakata protini, lakini hakiwezi kupenya ndani ya bakteria mzima. Kama alama iko nje, tripsini itainyoa na doa litafifia. Doa letu halikufifia. Kumbe tulichokiona kilikuwa cha ndani. Bakteria wote, hata walionyolewa kwa tripsini, walikuwa wamelazwa kwenye friza kabla ya kuwekwa kwenye karatasi, na kuganda kuliwapasua, matumbo yakamwagika kwenye karatasi.

Tukarudia na bakteria wa asubuhi hiyohiyo. Doa likawa hafifu sana, ingawa safari hii tripsini ililiondoa. Maana yake mfumo unafanya kazi, ila kuna kinachopotea. Hapo kukazuka ubishi. Mmoja akasema tuongeze IPTG, mwingine akasema kipande chenyewe kibovu. Aliyekata ubishi ni yule aliyechukua supu iliyobaki baada ya bakteria kuzungushwa na kutua chini, supu ambayo huwa tunaimwaga, akaiwekea tone kwenye karatasi. Doa jeusi. Alama ilikuwa inatoka nje vizuri, kisha inakatwa na kuelea.

Mkataji yuko kwenye utando wa bakteria mwenyewe. E. coli wengi wa kuhifadhia plasmidi, pamoja na DH5α tuliyekuwa naye, wana kimeng'enya kinachoitwa OmpT, kinachokaa juu ya utando wa nje na kukata protini panapofuatana asidi amino mbili zenye chaji chanya. Kiungio kati ya kipande chetu na AIDA-I kilikuwa na mahali pa namna hiyo. Tungeweza kuchora jeni upya kwa laki tano nyingine. Badala yake tumehamisha plasmidi kwenye BL21, ambaye hana OmpT wala mkataji mwingine aitwaye Lon. Aina hii tuliipata kwa wenzetu bila malipo.

BL21, nyuzi 21, IPTG kidogo, wabichi: doa kali, supu safi, tripsini inalifuta. Tumeweka pembeni bakteria mwenye plasmidi tupu, karatasi yake nyeupe. Hii picha ndiyo ya kutuma.

Bila zile kingamwili za milioni moja na ushee tungeenda kwa kuku na bakteria mtupu.

Julai 15. Fomalini

Tulianza na asilimia 1 kwa usiku mzima ili tuwe na uhakika wamekufa. Walikufa, na doa likafifia nusu. Fomalini huua kwa kufunga protini moja na nyingine, na haichagui. Hufunga hata kile unachotaka kuku akione. Asilimia 0.2 kwa saa moja, nyuzi 37, inaua wote na doa linabaki karibu kama la bakteria hai.

Angalizo kwa jaribio la kuthibitisha vifo: osha kwanza. Fomalini iliyobaki itazuia kitu chochote kuota kwenye sahani, nawe utaandika kwamba wote wamekufa kumbe wamezubaa tu. Tunaosha, tunapaka kwenye sahani zisizo na ampisilini, tunasubiri siku tatu. Ikiota hata kidoa kimoja, shehena yote inarudi kwenye otoklevu.

Hatukuongeza kichocheo cha kinga. Ukuta wa E. coli una mafuta-sukari ambayo yenyewe huamsha mwili.

Agosti 12. Kuku, na kipimo kisichotufaa

Vifaranga 24, tulionunua mwishoni mwa Julai wakiwa wa siku moja, shilingi 2,200 kila mmoja, banda upande wa Usa River kwa mama mmoja mfugaji mzoefu. Nusu watapata bakteria waliovalishwa, nusu bakteria watupu wasio na kipande. Kwanza tunasubiri wiki nne, kwa sababu kifaranga wa mama aliyechanjwa anazaliwa na kingamwili za mama zinazopungua taratibu.

Tulikuwa tumepanga kupima matokeo kwa HI, kipimo cha kawaida cha kideri duniani kote, rahisi na rafiki wa maabara ndogo. Kirusi cha kideri kikichanganywa na chembe nyekundu za kuku huzishikamanisha zikawa wavu. Seramu (maji ya damu) yenye kingamwili ikiwepo, wavu hautokei, chembe zinazama na kuwa kitufe chini ya kisima. Sahani ya plastiki, damu ya kuku, basi.

Tatizo liligunduliwa mezani, kabla ya damu kuchukuliwa, alipouliza mwanafunzi wa mifugo aliyekuja kutusaidia: kinachoshikamanisha chembe ni HN, nyie mmepachika F, HI itaona nini? Haitaona kitu. Kuku wetu angeweza kujaa kingamwili za F na HI ikasoma sifuri, nasi tungeandika kwamba chanjo imeshindwa.

Kwa hiyo ELISA, kipimo ambacho visima hukolea rangi kingamwili ikishika kilichofunikwa humo, na kwa ELISA tunahitaji kipande chenyewe kilichotengenezwa kiwandani, peptidi iliyounganishwa na protini ya kubebea. Tumeagiza: 640,000. Bajeti haikuwa nayo, tumechangishana.

HI hatukuitupa. Kwa kuwa haioni chanjo yetu, inaona kitu kingine chote: ikipanda kwa kuku yeyote, basi ama kirusi cha mtaani kimeingia bandani au kuna aliyemchanja kwa chanjo ya kawaida. Tumeifanya kuwa mlinzi wa banda.

Septemba 16. Mlinzi kafanya kazi

Tulipima HI kabla tu ya sindano ya pili. Kuku wote 24 wamepanda, waliochanjwa na wasiochanjwa. Hakuna aliyeugua. Tukaenda Usa River.

"Shikamoo mama. Kuna mtu amewapa dawa hawa kuku?"

"Marahaba. Mchanjaji wa kijiji alipita mlangoni na chupa yake, tone shilingi mia. Nimewapa."

"Wote, mama?"

"Wote, mwanangu, na wa jirani nikamlipia. Ningewaacha wafe na kideri, na nyie mnasema mnatafuta dawa ya kideri?"

Hakuna wa kumlaumu. I-2 ina F kama kideri chochote, kwa hiyo kuku wasiochanjwa na sisi sasa wana kingamwili tulizotaka kuzipima. Kundi zima limeharibika, pamoja na chakula cha wiki saba. Hasara tumeiweka shilingi 310,000.

Tulichobadilisha: tumekaa na mama tukamweleza kwa nini kuna kuku wanaopewa bakteria watupu tu, jambo ambalo mwanzoni tulimwambia kwa haraka mlangoni. Kuku wake mwenyewe wanaendelea kupata tone kama kawaida, lakini I-2 ni kirusi hai na kinaweza kusambaa kutoka kuku hadi kuku, hivyo banda la jaribio limehamishiwa upande wa pili wa kiwanja, na lina ndoo yake, chombo chake cha maji na ndala zake mlangoni. Kuku wa jaribio hawaliwi wala hawauzwi, ndivyo kibali kinavyosema, na mama analipwa kwa mwezi badala ya kuahidiwa kuku. Malipo haya tungeyaweka tangu mwanzo.

Novemba 24. Kundi la pili

HI ya kundi la pili imebaki chini mpaka mwisho. Banda lilikuwa safi.

ELISA ya kwanza ilitutia baridi. Visima vyote vilikolea rangi, vya kuku waliochanjwa, vya wasiochanjwa, hata vya damu iliyochukuliwa kabla ya sindano yoyote. Tulikuwa tumebana matumizi ya peptidi na kufunika visima kwa bakteria wazima waliovalishwa. Kuku huishi na E. coli tumboni tangu wiki ya kwanza ya maisha, ana kingamwili zake tele. Kisima kiliona E. coli, hakikuona kideri.

Marekebisho yalikuwa mawili na lile la bei nafuu ndilo lililosaidia zaidi. Visima sasa vinafunikwa kwa peptidi peke yake. Na seramu kabla ya kupimwa tunaichanganya na bakteria watupu waliouawa, tunaacha usiku mmoja kwenye friji, tunazungusha, tunachukua maji ya juu. Kingamwili za E. coli zinazama pamoja na bakteria. Bakteria watupu tunao ndoo nzima, hawana gharama. Damu ya kabla ya sindano ikashuka hadi karibu na kisima kitupu.

Baada ya hapo picha ilionekana. Kuku wengi wa kundi lililochanjwa wako juu ya wenzao baada ya sindano ya pili. Watatu hawakusogea kabisa, na sindano zao zilitoka chupa moja na za wengine, kwa hiyo tatizo haliko kwenye shehena. Wasiochanjwa wote wako chini. Hii inasema kuku ameona kipande na kukijibu. Haisemi atapona kideri. Kujua hilo kunataka kumwambukiza kirusi chenyewe ndani ya jengo maalumu la kutenga wanyama, na kideri ni ugonjwa wa kuripotiwa serikalini. Hatuna jengo hilo wala hatutajaribu uani.

Fedha hadi leo: jeni 490,000, kingamwili 1,150,000, peptidi 640,000, kundi lililoharibika 310,000, kundi la pili 335,000, vyakula vya bakteria, sahani, fomalini, barafu, maji na nauli 575,000. Jumla shilingi 3,500,000. Bakteria wenyewe, tangu kuoteshwa hadi kuwa chupa ya sindano, wamekula chini ya shilingi elfu arobaini kati ya hizo.

Kinachofuata ni kuchora jeni lenye kiungio kisicho na mahali pa kukatwa na vipande viwili vya F vikifuatana, na kutafuta kama tutapata E. coli aliyepunguzwa jeni. Peptidi iliyobaki inatosha sahani nne. Damu ya miezi mitatu itachukuliwa Januari.